Mkaguzi na Mshipa Uliokataa Kupungua

Musau Kivuva alianza kazi ya ukaguzi wa nyama katika kichinjio kimoja cha Kitengela mwaka 1989, wakati mji wenyewe ulikuwa mstari mmoja wa maduka, kituo cha mafuta, na vumbi la kutosha miji mitatu. Kila asubuhi alivaa gambuti na koti jeupe, akasimama mbele ya mizoga iliyoning'inia, akakata matezi, akapasua maini, akabonyeza mapafu, akageuza matumbo nje ndani, kisha akatoa hukumu. Hukumu zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa muhuri wa wino. Ya pili ilikuwa neno moja, "Tupa", ambalo alilisema bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Kwa hivyo watu walimwita Tupa. Watoto wa jirani walidhani ni jina lake la ubatizo.

Aliyelisikia neno hilo mara nyingi kuliko wote ni Hilowle Jeylani, mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia Kitengela kutoka Garissa mwaka 1993, na ambaye ng'ombe na mbuzi wake walipita mbele ya kisu cha Musau kila wiki. Hilowle alishikilia kwamba ini lenye mnyoo kwenye pembe moja bado ni ini kwenye pembe zile nyingine. Musau alishikilia kwamba ini halina pembe. Walibishana hivyo kwa miaka kumi na mitatu, kila mmoja akimwambia mkewe kwamba yule mwingine atamtia kaburini, na siku ambayo mmoja wao hakufika kichinjioni, yule mwingine alishinda akiuliza watu habari zake kwa hasira.

Jambo lingine lililojulikana kuhusu Musau ni kwamba alikuwa na alsa, yaani vidonda vya tumbo. Zamani watu wa huku waliumwa na tumbo, wakanywa kitu kichungu, yakaisha. Katika miaka ya tisini alsa iliingia mjini na mambo yakawa na hadhi. Ilisemekana inaletwa na mawazo, kwa hivyo mwenye alsa alikuwa mtu wa kufikiri. Mwalimu mkuu alikuwa nayo, mweka hazina wa kanisa alikuwa nayo, na mwaka 1995 Musau naye akaipata. Hakuna daktari aliyempima. Mtu ambaye ameyafungua matumbo mengi kuliko madaktari wote wa wilaya angeenda kumuuliza nani? Alijibonyeza mwenyewe chini ya kifua, akafikiri kidogo, akatangaza.

Alsa hiyo ilimsamehe mengi. Ilimsamehe maharagwe, pilipili, mikutano ya ukoo, na kujibiwa. "Usinikasirishe," alikuwa akisema, "niko na alsa." Mkewe Kaveke, aliyeuza vitunguu na nyanya za Kimana sokoni, aliichukulia alsa kama mgeni aliyekaa kupita siku zake. Aliipikia, akangoja.

Mwisho wa mwaka 2006 mvua ilinyesha kama iliyokuwa ikilipiza kisasi. Mbuga ikawa ziwa, ziwa likazaa mbu, na redio ikaanza kutaja Homa ya Bonde la Ufa. Mifugo ilitoa mimba. Huko kaskazini-mashariki watu walikuwa wakifa, na baadhi yao walikufa wakitoka damu. Ugonjwa ulipitia kwa mbu na kwa damu ya mnyama, kwa hivyo wachinjaji na wakaguzi walitajwa katika kila taarifa, pamoja na ushauri wa kukaa mbali na nyama. Kichinjio kikafungwa kwa amri ya serikali. Mabucha wakaanza kuuza sukuma wiki kwenye ndoano. Kuku, ambao hawakuwa wamebadilika kwa lolote, walipanda bei maradufu.

Musau alitundika koti lake nyuma ya mlango na kukaa nyumbani. Wiki ya pili Kaveke alimkuta akiikagua kabichi. Aliikata katikati, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha mezani. Kaveke alitamani sana kichinjio kifunguliwe.

Aliyetamani zaidi ni Hilowle, kwa sababu bintiye Ifrah alikuwa anaolewa Januari, wageni mia tatu walikuwa wamealikwa, na mbuzi kumi na wawili waliokusudiwa kuliwa walikuwa uani wakinenepa. Hilowle alikwenda nyumbani kwa Musau mara tatu. Mara ya kwanza alizungumzia afya kwa ujumla. Mara ya pili alieleza kwamba hao mbuzi hawajawahi kumwona mbu hata mmoja. Mara ya tatu alisema wazi: wachinjwe kimya kimya, Musau aje awatazame dakika mbili tu, bila muhuri, ili roho ya mzazi itulie. Musau akamjibu kwamba hatagusa hata sikio la mbuzi mmoja mpaka amri iondolewe, na kwamba wasipochinjwa hakuna cha kutazama.

Basi harusi ikaliwa kuku na samaki. Mzee mmoja wa Wajir aliketi mbele ya sahani yenye tilapia, akaitazama jicho kwa jicho, akauliza kwa adabu chakula kitaletwa saa ngapi. Siku hiyo Hilowle aliapa kwamba hatazungumza na Musau tena.

Siku tisa baadaye, asubuhi ya Alhamisi, Musau alikuwa akinywa chai alipohisi joto likimpanda kifuani. Hapakuwa na maumivu yoyote. Alitoka uani, akainamia beseni la kufulia, akatapika damu hadi nusu ya beseni. Kaveke alipofika alimkuta amepiga magoti, akiichunguza.

"Nyekundu," akamwambia. "Mabonge laini. Hii ni mpya, ya mshipa."

Kisha akaanguka kando yake, akiwa ametimiza wajibu.

Majirani walikuja mbio, wakakumbuka mgonjwa hufanya kazi gani, wakarudi kwa mwendo ule ule. Sentensi ilishaundwa na kusafiri: mkaguzi wa nyama anatapika damu. Januari ile hakuna maneno ambayo yangeweza kukimbia kwa kasi zaidi katika barabara ya Namanga. Dereva wa kwanza wa teksi alisema gari lina kasoro. Wa pili alisema hivyo hivyo, injini ikinguruma. Wa tatu aliyefika hakuwa na teksi. Alikuwa Hilowle, na pikapu ya kubebea mbuzi, ambayo kwa wiki sita haikuwa na kazi.

Alimbeba Musau mgongoni, akamlaza kwenye kiti cha mbele, akakishika kiapo chake cha kutozungumza naye njia nzima.

"Mama Mumo," alimwambia Kaveke aliyekuwa ameshikilia kichwa cha mumewe, "mwambie ashike hapo juu, kuna kona."

"Mwambie nimesikia," Musau akasema, macho yakiwa yamefumba.

Hospitali waliyomfikisha sitaitaja, maana ilifanya tu ambacho mimi na wewe tungefanya. Afisa wa kliniki aliyekuwa zamu, kijana mpole aitwaye Maundu, aliuliza umri, akaambiwa hamsini na mbili. Aliuliza kazi, akaambiwa. Akarudi hatua mbili nyuma, akaendelea kuuliza kutoka huko. Musau akawekwa chumba cha mwisho, peke yake, dripu mkononi, na kila aliyeingia alikuwa amejifunika hivi kwamba Kaveke hakujua nani ni nani.

Maundu alieleza hali bila kuficha. Mgonjwa alihitaji kupelekwa Nairobi, aingizwe kamera tumboni, mahali panapovuja paonekane na kuzibwa. Lakini hakuna daktari angemwingiza kamera kooni mtu anayeshukiwa kuwa na homa ile. Damu yake ingepelekwa maabara kwanza, na jibu lingechukua siku tatu, labda nne.

Kaveke akauliza itakuwaje kama atatapika tena kabla ya siku hizo. Maundu akatazama viatu vyake. Basi wote wakaelewa kwamba siku nne hazikuwepo.

Maundu akamuuliza Kaveke mumewe aligusa nyama lini mara ya mwisho. Akaambiwa wiki sita zilizopita.

"Mama, wote wanasema hivyo," akasema kwa upole. "Na watu bado wanakula nyama. Nani anaikagua?"

Hilowle alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Akaingia.

"Daktari, mimi niko na mbuzi kumi na wawili nyumbani. Unajua kwa nini wako hai?"

Maundu hakujua.

"Binti yangu ameolewa kwa samaki. Harusi ya Wasomali, watu mia tatu, samaki! Ni sababu ya huyu. Nilimwomba mara tatu. Nilimwambia dakika mbili tu. Alikataa kugusa hata sikio." Akamwonyesha Musau kwa kidevu. "Sasa kama wiki hizo sita aligusa nyama ya mtu mwingine na yangu akaikataa, usingoje hiyo homa, daktari. Niachie mimi nimuue."

Maundu, kwa sifa yake, alikuwa mtu anayeweza kuusikia ushahidi hata ukija kwa umbo la tusi. Alirudi zile hatua mbili mbele. Akapima joto tena, lilikuwa la kawaida. Macho hayakuwa ya manjano, fizi hazikuvuja, pale sindano ilipoingia hapakutoka hata tone. Kichwa hakikuuma, wala viungo. Ya mbu hakuuliza, maana mwezi ule mbu walikuwa wamemuuma kila mtu Kitengela, na Kitengela ilikuwa bado imesimama. Musau alikuwa na ugonjwa wa kwenye kitabu ambao ulikuwa umesahau dalili zote isipokuwa moja.

Akapiga simu Nairobi, akaandika barua. Maneno ya Hilowle yalivishwa suti yakawa: "Jirani anathibitisha kwamba mgonjwa hajagusa mzoga."

Daktari aliyempokea Nairobi aliitwa Celine Mwololo, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutazama ndani ya matumbo ya watu. Alivaa glavu mbili mbili na miwani, akaipeleka damu maabara kwa ajili ya sheria, na alasiri hiyo hiyo akaingiza kamera. Musau alidungwa dawa ya usingizi, akalala. Alipoamka aliambiwa hakuna kilichoonekana.

"Una tumbo zuri sana, mzee," Celine akamwambia. "Hakuna kidonda. Hata kovu hakuna."

Musau alijihisi ametukanwa. "Daktari, mimi niko na alsa tangu tisini na tano."

"Nani alikwambia?"

Musau akajibonyeza chini ya kifua. Kaveke akapata jambo la kutazama kwenye dari.

Celine akavuta kiti. Alisema wengi wanaotapika damu namna ile wana vidonda vya tumbo, kweli, na wengine wana mishipa iliyovimba kooni kwa sababu ya ini bovu, na yeye hana chochote kati ya hivyo. Wanaobaki ni wachache, na kila mmoja ana ajabu yake. Kuna waliochanika mdomo wa tumbo kwa kutapika kwa nguvu, lakini yeye hakuwa ametapika kitu kabla ya damu. Kuna wenye uvimbe, lakini uvimbe angeuona. Halafu kuna jambo moja ambalo alilisoma chuoni na tangu hapo amelikuta mara mbili tu.

Akawaeleza, na kwa kuwa Kaveke aliuza vitunguu, Kaveke ndiye aliyeelewa kwanza. Huko Kimana maji hutoka kwenye mfereji mkubwa, yakaingia mifereji midogo, yakagawanywa tena, na yanapofika kwenye tuta la vitunguu ni kijito chembamba tu. Mishipa ya tumbo hufanya vivyo hivyo. Kila inapokaribia ngozi ya ndani hupungua. Lakini kwa watu wachache sana mshipa mmoja hukataa kupungua. Unafika kwenye tuta na upana wake wote wa mfereji. Mtu anazaliwa nao, anaishi nao miaka hamsini bila habari, kisha siku moja ngozi nyembamba iliyo juu yake inatoboka, na damu inatoka kwa nguvu ya moyo wenyewe. Baadaye inaganda, tundu linajifunga, na akija daktari na kamera yake anaona tumbo zuri sana.

Uliitwa kwa jina la daktari Mfaransa wa zamani, Dieulafoy, jina ambalo likitamkwa sawasawa husikika kama mtu aliyeungua ulimi kwa chai.

"Sasa?" Kaveke akauliza.

"Kama ni huo, utatoka tena. Na mimi lazima niuone unapotoka au mara tu baada ya kutoka. Ukishajificha siwezi."

Musau alielewa mara moja, labda kuliko wote. Ilibidi avuje ili apone, na asivuje sana akafa kabla ya kuonekana. Aliona ni mpango mbaya, lakini hakuwa na mwingine.

Wakamwongezea damu. Hilowle naye alikuwa ametoa chupa moja, maabara ikaipima na kuipitisha. Aliomba apewe karatasi ya kuthibitisha jambo hilo, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mali yake kwenda kwa Musau na kupita bila ubishi.

Jumamosi asubuhi, saa nne hivi, joto likapanda tena. Safari hii beseni lilikuwa tayari, na Kaveke alikuwa ameshikilia kengele ya muuguzi tangu alfajiri. Musau alitapika, uso ukawa rangi ya majivu, wakamtoa mbio kwa kitanda cha magurudumu. Hilowle alikuwa kwenye korido na chupa yake ya chai ya maziwa. Alikimbia kando ya kitanda hatua kadhaa, akakisahau kiapo.

"Warya, wewe Musau," akasema. "Usife. Nitabishana na nani mimi?"

Ndani, Celine akataka kumdunga dawa ya usingizi. Musau akaushika mkono wake.

"Hapana. Nataka kuona."

Celine akamwambia kwamba haipendezi. Musau akamwambia kwamba ameona mengi yasiyopendeza. Hapakuwa na muda wa kubishana, na usingizi kwa mtu aliyepoteza damu kiasi hicho una hatari zake. Wakampulizia dawa ya ganzi kooni, wakamlaza kwa ubavu wa kushoto. Skrini ilikuwa mbele yake kabisa.

Kamera ikashuka. Mwanzo palikuwa na damu na mabonge tu. Celine akamwaga maji, akafyonza, akamwaga tena, na polepole tumbo la Musau likajitokeza kwenye skrini, likiwa na mikunjo ya waridi inayong'aa. Musau aliliangalia kama alivyoyaangalia mengine yote kwa miaka kumi na saba. Rangi nzuri. Mikunjo laini. Hakuna jipu, hakuna kovu. Angelipiga muhuri.

Kisha kamera ilipogeuka sehemu ya juu, chini kidogo ya mdomo wa tumbo, kati ya mikunjo miwili, palipita kitu. Kilikuwa kidogo kama ncha ya punje ya mchele, chekundu, kimesimama. Pande zake zote palikuwa pazima. Kamera ikapita, ikaendelea kushuka.

Musau akaupiga ukingo wa kitanda kwa kiganja. Muuguzi akamshika mkono, akamwambia apumue kwa pua, karibu wanamaliza. Musau akaunyakua mkono wake, akapiga tena, akanyoosha kidole kwenye skrini, akakikunja: rudi.

Celine alikuwa amefundishwa kwamba mgonjwa anayepigapiga kitanda wakati ule anataka mpira wa kamera utolewe. Lakini aliona macho ya mzee huyu hayakuwa kwenye mpira. Yalikuwa kwenye picha, na yalikuwa yamekasirika, kama ya mtu aliyepewa kazi iliyofanywa nusu. Akarudisha kamera taratibu.

"Hapa?"

Kidole kikaashiria juu.

"Hapa?"

Kidole kikasimama. Na ile punje, kana kwamba ilikuwa ikingoja kuitwa, ikapasuka hapo hapo mbele ya wote. Damu iliruka kwa mapigo, mkondo mwembamba kama maji ya jerikeni lililotobolewa kwa msumari. Muuguzi akamtaja Bwana Yesu. Celine hakumtaja mtu. Alipitisha sindano ndefu ndani ya mpira, akadunga dawa ya kubana mshipa kuuzunguka pande zote, mkondo ukapungua, ukawa matone. Akapitisha kibanio kidogo cha chuma, akakifunga juu yake. Halafu cha pili. Matone yakaisha. Akamwaga maji, akangoja, akamwaga tena. Palikuwa pakavu.

"Nimemaliza, mzee. Naitoa."

Kidole cha Musau kikainuka, kikachora duara hewani.

Celine alikitazama, kisha akaelewa. Mkaguzi aliyekuta kitu kimoja hafungi tumbo bila kutafuta cha pili. Yeye ndiye aliyekuwa na vyeti ukutani, na mikono yake ilikuwa imechoka, lakini akafanya alivyoambiwa. Akalizunguka tumbo lote upya, juu, kuta, chini, mpaka mwanzo wa utumbo, na kurudi, polepole, akisimama kila kidole kiliposimama. Iliwachukua dakika kumi. Hapakuwa na kingine. Kidole kikashuka.

Jibu la maabara lilikuja Jumapili. Homa haikuwepo. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa wale madereva wawili wa teksi, ambao siku hiyo hiyo magari yao yalipona.

Jumatatu Celine alikuja wadini akiwa na daftari. Alitaka kujua Musau aliuonaje mshipa ule, maana yeye alikuwa akipita juu yake kwa mara ya pili. Koo la Musau lilikuwa limekwaruzika na sauti yake ikawa kama lango la bati.

"Kila kitu kingine kilikuwa kimelala," akasema. "Hicho kilikuwa kimesimama."

Celine akaandika hivyo hivyo, akamwambia asizungumze mpaka jioni, akaenda zake.

Kaveke alisubiri mlango ufungwe. Akamuuliza mumewe kama aliogopa. Musau aliliwaza swali hilo kwa muda mrefu, kama maini ya kutiliwa shaka.

"Niliogopa ataupita," akasema. "Na mimi sina mdomo wa kumwambia."

Kaveke akavuta blanketi mpaka mabegani mwake. Muuguzi alipochungulia kuuliza kama lile beseni bado linahitajika, kwa kuwa kuna mgonjwa mwingine asiye nalo, Kaveke akalitoa chini ya kitanda, akampa.